Mwenye Kusahau Naye Aulizwe

Lipo neno moja ambalo tumelisikia mara nyingi mno katika nyumba za waamini wetu, nalo husemwa kwa upole kabisa, wala msemaji wake hana nia mbaya: "Huyo msimsumbue kumwuliza, hajui kitu." Husemwa mgeni anapopiga hodi na kutaka kumwamkia mzee aliyeketi barazani. Husemwa katika zahanati, muuguzi anapotaka kujua ni wapi panapouma. Husemwa wakati wa chakula, sahani inapowekwa mbele ya mtu ambaye hakuna aliyemwuliza kama ana njaa. Tena husemwa, na hapa ndipo linapoanza kututisha, katika vikao vya ukoo, pale inapoamuliwa mzee ataishi wapi, shamba lake litalimwa na nani, na ng'ombe wake wawili watauzwa lini. Mwenyewe yumo humohumo chumbani. Anasikia.

Tumeona vema kulizungumza jambo hili katika kijarida cha Haki na Amani, ingawa tunajua wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya kuhudumia wagonjwa, ingefaa iachiwe Karitas ya parokia na akina mama wa WAWATA. Sisi twaliona kuwa ni jambo la haki. Mtu haulizwi juu ya mwili wake, chakula chake na mali yake kwa kuwa amefaulu mtihani wa akili. Anaulizwa kwa kuwa ni vyake. Na pale anaposhindwa kujibu kama alivyokuwa akijibu zamani, wajibu wa kumwuliza haufi, ila unakuwa mgumu zaidi na kudai maarifa zaidi kwetu sisi tunaouliza.

Ugonjwa tunaousema ni ule ambao madaktari wanauita dimensia, na ambao watu wetu huuita ugonjwa wa kusahau, au, kwa lugha isiyo na adabu, kurudia utoto. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi ina jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, hasa kwa watu walioishi miaka mingi na shinikizo la damu lisilotibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani kote walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya 60 kwa kila 100 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wale wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu wapate jibu lao wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko watafiti walikwenda vijijini wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba kiasi cha wazee 6 kwa kila 100 walikuwa na dimensia. Kila parokia yenye wazee inao, basi, hata kama katika daftari la wagonjwa wameandikwa kwa jina jingine.

Majina hayo mengine yana hatari yake. Wengi husema ni uzee tu, na kwa kusema hivyo hawampeleki mgonjwa hospitali, hata pale ambapo kuchanganyikiwa kwake kumeanza ghafla, kwa siku mbili au tatu, jambo ambalo mara nyingi ni dalili ya malaria, maambukizo ya njia ya mkojo, kupungukiwa na maji mwilini au dawa zisizopatana, na ambalo hutibika. Wengine husema ni uchawi. Twayajua yaliyowapata vikongwe Usukumani, na huko Kilifi nchini Kenya, ambako wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Bibi akikutwa alfajiri amesimama uani kwa jirani, kanga imefungwa vibaya, hajui amefikaje pale wala hawezi kujieleza, jirani mwenye hofu hatafuti ushahidi mwingine. Kwa sababu hiyo kuujua ugonjwa huu kwa jina lake ni kuokoa maisha ya watu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ugonjwa huu hauchukui vyote kwa siku moja. Kwa kawaida huanza na habari za karibuni: nani alikuja jana, funguo ziko wapi, dawa imekwisha kunywewa au bado. Habari za kale hukaa muda mrefu zaidi, na vipo vinavyokaa zaidi ya habari hizo: ladha ya mtori, aibu ya kuvuliwa nguo mbele ya watu, nyimbo za ujana, namna ya kushika jembe, upendo kwa mtu ambaye jina lake limekwisha kupotea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha watu wenye maradhi ya Alzheimer filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Baada ya dakika chache wengi wao hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni au furaha ile waliendelea kuwa nayo. Wale wanaosema, "Mfokee tu, kesho atakuwa amesahau," walitafakari hilo. Maneno atayasahau, ila uchungu utabaki naye, na hatajua umetoka wapi.

Na je, mtu wa namna hiyo anaweza kusema anachokitaka? Anaweza, tena kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Utafiti mwingine uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwauliza watu wenye ugonjwa huu wa kiwango cha chini na cha kati juu ya mapendeleo yao ya kila siku, kisha ukawauliza tena baada ya muda mfupi, na majibu yakapatana. Tafiti zilizofuata zimeonyesha jambo ambalo sisi wahudumu wa roho tungeweza kulikisia: ndugu wa karibu, hata wale wenye upendo mwingi, hukadiria kwa uchache mambo ambayo mgonjwa anayathamini. Tunajua nini kinamlinda, hatujui nini kinampendeza, na hatujui kwa sababu tumeacha kuuliza.

Watu wakisikia neno "maamuzi" hufikiri mara moja juu ya wosia na mashamba. Huko tutafika. Tunataka kwanza kusema juu ya mambo yanayoitwa madogo: ale nini, avae kanga gani, aoge asubuhi au jioni, akae jikoni penye watu au barazani penye jua, aende Misa au abaki nyumbani, chai yake iwe na sukari au isiwe nayo. Mtu mwenye afya anaamua mambo ya namna hiyo kila siku bila kujua kwamba ameamua. Lakini mtu ambaye amekwisha kunyang'anywa jembe kwa kuwa atajikata, na panga kwa kuwa atamdhuru mtu, na fedha kwa kuwa atazipoteza, na njia ya sokoni kwa kuwa atapotea, huyo amebakiwa na milki ndogo sana ya kutawala. Kanga mbili kitandani ni sehemu ya milki hiyo. Tukimchagulia na kanga, tumeimaliza.

Tuchukue mfano wa kuoga, maana ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa. Mama wa miaka 80, aliyejisetiri maisha yake yote, anafuatwa chumbani na watu wawili. Mmoja ni mkamwana wake, na mwingine ni kijana wa kazi ambaye mama huyu anamwona kila siku kama mgeni mpya. Wanazungumza wao kwa wao juu ya kichwa chake. Wanaanza kumfungua nguo. Hakuna aliyemwambia ni nini kinakuja. Mama anapiga, anauma, analia kwa sauti. Basi nyumba nzima inasema, "Siku hizi amekuwa mkali," na neno hilo, likishasemwa mara tatu, linageuka kuwa dalili ya ugonjwa. Daktari anaambiwa, dawa za kumtuliza zinatolewa, au mlango unafungwa kwa nje, au, kama tulivyoshuhudia zaidi ya mara moja, kamba inatafutwa. Twauliza: mtu mwenye akili timamu, akifuatwa chumbani na watu asiowatambua wakamvua nguo, angefanya nini? Kile kinachoitwa ukali kilikuwa ni neno "hapana", lililosemwa kwa njia pekee iliyosalia. Mara nyingi imetosha kumwamkia kwanza, kumwonyesha maji, kumwekea mkono ndani ya beseni aone kwamba yana moto wa kiasi, kumwachia kanga mwilini na kumwogesha juu yake, na kumwuliza aanze na miguu au mikono. Na kama leo hataki kabisa, kesho si mbali. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kuoga siku moja, na sisi tuliokulia katika nyumba zisizo na bomba tunalijua hilo vizuri.

Kuuliza kuna ufundi wake, nao unafundishika. Swali la "Mama, leo unataka kula nini?" ni zito, kwa kuwa linamtaka mtu akumbuke vyakula vyote vilivyomo duniani kisha achague. "Mama, ndizi au wali?" ni jepesi zaidi, na jepesi kuliko yote ni sahani mbili zikiwekwa mbele yake, macho na pua vikafanya kazi. Huko Uskoti wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stirling walitumia picha ndogondogo ambazo mgonjwa anaziweka juu ya mkeka, upande huu vile anavyovipenda, upande ule vile asivyovipenda, na katikati vile asivyo na hakika navyo. Wakaona kwamba watu waliokuwa wameshindwa kueleza kwa maneno waliweza kueleza kwa mkono. Sisi tusio na picha tunazo kanga zenyewe, ndizi zenyewe na kiti chenyewe.

Saa nayo ina maana. Wagonjwa wengi huwa na nuru zaidi asubuhi, na jua linapoanza kuzama huingiwa na wasiwasi, wakataka kwenda "nyumbani" hata kama wamo nyumbani. Jambo la kuamua lisiletwe saa hiyo. Radio izimwe. Anayeuliza aketi, macho yake yalingane na ya mzee, amtaje kwa jina au kwa cheo anachokipenda, aseme jambo moja, kisha anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kunakotushinda. Tunasubiri kwa muda wa kupumua mara mbili, halafu tunajijibu wenyewe. Tom Kitwood, Mwingereza aliyewahi kuwa kasisi wa Kianglikana na ambaye katika ujana wake alifundisha shule nchini Uganda, alikiandika kitabu mwaka 1997, Dementia Reconsidered, akayaorodhesha mambo ambayo watu wema huwatendea wagonjwa hawa na kuwamaliza utu wao bila kukusudia. Mojawapo ni kumwendea mtu mbio kuliko anavyoweza kufuata. Hakulihesabu kuwa dogo kuliko kumdanganya au kumtisha.

Tena tuache kabisa ile desturi ya kumtahini mzee kila anapotembelewa: "Babu, unanijua mimi? Mimi ni nani? Sema!" Wageni hucheka, mjukuu hucheka, na babu naye hucheka kwa kuona wenzake wanacheka, huku akijua kwamba ameshindwa jambo fulani mbele ya watu. Adabu ya kwetu ni kwamba mdogo ndiye anayejitambulisha. "Shikamoo Babu, mimi ni mtoto wa binti yako wa tatu, nimetoka Moshi." Kwa maneno hayo machache babu amepewa anachokihitaji, na heshima yake haijaguswa.

Lakini katika mambo yote ya kuuliza, lugha ndiyo tunayoiona kuwa imesahauliwa zaidi. Ugonjwa huu, kwa mtu aliyejifunza lugha zaidi ya moja, mara nyingi huila kwanza lugha iliyokuja baadaye na kuiacha ile ya utoto. Sasa fikiria bibi aliyezaliwa Machame, akasema Kichaga hadi alipokwenda shule, akaolewa, akalima kahawa na migomba katika kihamba cha mumewe kwa miaka 50. Watoto wake wako Dar es Salaam. Wameona hawezi tena kuishi peke yake, wamemchukua, wamempa chumba kizuri chenye feni. Wajukuu wanajua Kiswahili na Kiingereza. Msichana wa kazi anatoka Singida. Bibi anazungumza siku nzima, na nyumba nzima inasema kwamba anapayuka. Ingetosha mtu mmoja anayejua Kichaga kuketi naye nusu saa ili igundulike kwamba anauliza kama ng'ombe wamekatiwa majani, na kwamba anaomba asipewe tena ile chai baridi. Anayesemekana amepoteza usemi huenda amepoteza Kiswahili tu. Twawaomba wanajumuiya wa mijini wawatafute wazee wa namna hiyo kwa lugha zao, Mhaya amtembelee Mhaya na Mnyakyusa Mnyakyusa, na katika jambo hili asije mtu akatuambia kwamba tunaleta ukabila.

Na je, nani alimwuliza bibi huyo kama anataka kuhama? Hatusemi kwamba watoto wake walikosea kumhamisha. Huenda moto uliwahi kuachwa ukiwaka usiku, huenda alikutwa barabara kuu. Tunasema kwamba katika kikao kile cha ukoo, kilichochukua mchana mzima na mbege ndoo mbili, hakuna aliyegeuza kiti chake kumtazama. Angeulizwa, pengine angesema hataki. Basi lingefuata swali la pili: ni kitu gani huko kihambani kinachomshika? Huenda ni kaburi la mumewe. Huenda ni mbuzi mmoja. Huenda ni kwamba hajui kule aendako atazikwa wapi, na neno moja la mwanawe mkubwa, "Mama, utarudishwa hapahapa," lingemtuliza kuliko dawa. Kumwuliza mtu hakumlazimishi anayeuliza kutii kila jibu. Kunamlazimisha kulisikia jibu na kulitafutia nafasi katika uamuzi.

Hapo tumefika kwenye mambo magumu, wala hatutayaruka. Mgonjwa anakataa dawa ya shinikizo la damu. Anataka kutoka nje usiku. Anataka kuwapa wapita njia fedha zote. Yapo mambo ambayo mwenye kumtunza hana budi kuyazuia, na asipoyazuia atakuwa ametenda dhambi ya uzembe. Lakini hata katika kuzuia kuna namna. Anayetaka kutoka usiku anaweza kusindikizwa hatua 100 na kurudi naye, badala ya kufungiwa kitasa. Anayekataa kidonge asubuhi anaweza kukikubali saa nne, au akikipokea kwa mkono wa mtu mwingine. Anayetaka kugawa fedha aachiwe sarafu za kugawa, kwa kuwa ukarimu wake ni sehemu ya nafsi yake kama lilivyo jina lake. Sheria ya mwaka 2005 ya England na Wales, ambayo twaiona ina busara nyingi kuliko sheria nyingi za namna yake, inasema kwamba mtu ahesabiwe kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitishwe vinginevyo, tena kwa uamuzi ule mmoja unaohusika. Kwamba asihesabiwe kuwa hawezi kabla msaada wote unaowezekana haujajaribiwa. Na kwamba uamuzi usio wa busara hauthibitishi kwamba mtu hana akili. Ni wangapi kati yetu wenye afya ambao wangebakiwa na haki ya kuamua lolote, kama kosa moja la busara lingetosha kuwanyang'anya?

Sheria ya Kanisa letu nayo ina somo hapa, na kwa uaminifu tuseme kwamba ina pande mbili. Kanuni ya 99 inamhesabu mtu aliyekosa matumizi ya akili kwa namna ya kudumu kuwa sawa na watoto wachanga. Wakanoni watatueleza kwamba neno hilo linahusu wajibu mbele ya sheria, nasi twakubali, ingawa tungependa lisiwafikie watu wakalitumia kama ruhusa. Lakini kanuni ya 1006 inaamuru kwamba Mpako wa Wagonjwa wapewe wale ambao, walipokuwa na fahamu zao, waliuomba walau kwa namna isiyo ya wazi. Yaani Kanisa linamtaka padre aliyesimama kando ya kitanda cha mtu asiyeweza kusema aulize: mtu huyu aliishi vipi, angependa nini? Tunachokifanya kwa ajili ya sakramenti kwa nini tusikifanye kwa ajili ya uji? Mzee ambaye miaka 60 hakula samaki hajaanza kuwapenda kwa sababu hawezi tena kukataa. Na hata huyo asiyesema anajibu: anageuza uso, anakaza midomo, anafungua mkono, anatulia. Anayemlisha kila siku anayajua majibu hayo vizuri, kama akiyahesabu kuwa majibu.

Tugeukie mali. Hapa upole wa "hajui kitu" hugeuka kwa urahisi kuwa wizi, tena kwa njia mbili zinazopingana. Yupo mwana asemaye kwamba baba hana akili, kwa hiyo asiulizwe, na shamba likagawanywa akiwa hai. Na yupo mwana mwingine ambaye siku ileile humpeleka baba yuleyule mbele ya karatasi, akamshika mkono na kumtia dole gumba, akasema kwamba baba amekubali. Sheria ya Mikataba ya Tanzania haiwapi nafasi wote wawili. Inatazama saa ile ya kufanya mkataba: je, mtu aliuelewa, na aliweza kupima athari zake kwa maslahi yake? Nayo inakiri wazi kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu, lakini mara kwa mara anakuwa nayo, anaweza kufanya mkataba wakati anapokuwa nayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unakwenda mbali zaidi: ibara yake ya 12 inawadai wenye serikali wawape watu hao msaada wanaouhitaji ili watumie uwezo wao wa kisheria. Mwaka 2014 kamati inayousimamia mkataba huo ilifafanua kwamba pale ambapo, baada ya juhudi zote, haiwezekani kuyajua mapenzi ya mtu, itafutwe tafsiri bora ya mapenzi na mapendeleo yake. Inayotafutwa hapo ni tafsiri ya mapenzi yake mwenyewe. Mapendeleo ya mwanawe hayahesabiki.

Na fedha ndogondogo pia. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliofikisha miaka 70, na Kenya kwa mpango wa Inua Jamii ikawafikia wenye umri huo mwaka 2018. Fedha hizo ni za mzee. Tumesikia bibi akinyimwa ugoro wa shilingi chache kutoka katika fedha zake mwenyewe, kwa maelezo kwamba ugoro haumfai. Aliyemnyima alikuwa mvutaji wa sigara.

Tukisema haya yote twajua kwamba mzigo unamwangukia nani. Anayeambiwa aulize kwa upole, asubiri, abembeleze, arudie, ni binti mmoja ambaye hakuolewa, au mkamwana mmoja aliyebaki kijijini, na ambaye hajalala usiku tatu mfululizo. Kumhubiria huyo bila kumpumzisha ni kumwongezea dhuluma, na kaka zake wanaotuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi wasidhani kwamba wamemaliza. Jumuiya Ndogo Ndogo ina nafasi kubwa hapa. Watu wawili wakae na mzee kila Jumamosi kwa saa tatu, mtunzaji alale, aende sokoni, asuke nywele. Nao watakaokwenda wajue kwamba wanakwenda kwa mtu. Tumeona jumuiya nzima ikiingia chumbani na ngoma, ikaimba, ikasali, ikamwaga maji ya baraka na kuondoka, na mgonjwa amejifunika shuka usoni toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemwuliza kama leo anapokea wageni.

Tume ya Haki na Amani inaomba jambo moja kwa wale wanaoitwa kusuluhisha au kuongoza vikao vya ukoo, makatekista, wazee wa kanisa na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Swali la kwanza la kikao liwe: mwenyewe amesemaje? Jibu liandikwe katika muhtasari, pamoja na jina la aliyemwuliza, kwa lugha gani na saa ngapi. Kama jibu ni kwamba hakuulizwa, kikao kiahirishwe. Na ugonjwa ukitambuliwa mapema, usingojewe ukomae: mzee aulizwe angali na maneno ni nani amshikie fedha, nani asimshikie, akizidiwa atunzwe wapi, na azikwe wapi. Anayekwenda kuandika mambo hayo aende asubuhi, pamoja na mashahidi wasiorithi chochote na mtu mmoja anayejua lugha ya mzee. Aandike. Kisha arudi siku nyingine, amwulize tena yaleyale, aone kama majibu yanapatana.